Chombo Kisichotamanisha

Boksi la kwanza nililinunua Kiboriloni,
la bluu, mfuniko wa ndimi nne
zinazobana ta, ta, ta, ta;
hata ukilitosa mfongoni, ndani panabaki pakavu.
Nikatia daftari, penseli, na senti kumi ya kale yenye tundu.
Nikalificha shinani mwa mkuyu, Msitu wa Rau,
nikasoma namba kwenye simu,
nyuzi za kusini, nyuzi za mashariki,
nikawatumia wageni nisiowajua
wapendao kutafuta vitu ambavyo hawakuvipoteza.

Siku ya nne halikuwepo.
Daftari lilikuwepo, limelazwa juu ya jiwe
kama mpangaji aliyetolewa nje na kodi haijaisha.
Penseli haikuwepo.

Chema chajiuza, tuliambiwa, kibaya chajitembeza.
Changu kilikuwa chema na bado kilitembea,
kikafika Njoro, getini mwa shule,
mapajani mwa mtoto aliyekuwa akila kiburu.
Ndimi zote nne nzima.
Nikamwambia, kula vizuri.

Basi kosa ni uzuri, nikasema. Nikatafuta kibaya.
Kopo la rangi, limeliwa na kutu hadi shingoni:
siku kumi na moja.
Mnunuzi wa chuma chakavu alinieleza bila kuinua macho,
kutu haipunguzi kilo.
Chupa ya kioo haikumaliza wiki; ilijaa asali ya mtu.
Dumu la nusu lita nilikuja kulikuta uani kwa Mama Aikande,
limekatwa ubavu, limejaa maji,
na kuku wanainama, wanainua shingo juu,
wanainama tena,
wakimshukuru Mungu kwa mali yangu.

Nikatumia mfupa wa paja la ng'ombe, mtupu katikati.
Nani aibe mfupa?
Nilikuwa nimemsahau mbwa.

Na usiniulize kwa nini sikuficha penye masale,
pale mpakani, ambapo hakuna mkono ungegusa.
Ndiyo sababu.
Upo mmea uliopewa kazi ya kutunza amani ya watu wawili;
sikutaka kuuongezea kazi ya kunilindia mchezo.

Miezi mitano nilitembea Moshi nikitafuta takataka,
Pasua, Majengo, nyuma ya soko la Mbuyuni,
sikuipata.
Kandambili iliyokatika ni bawaba ya mlango wa banda.
Mfuko wa saruji ni karatasi ya kufungia misumari.
Kila kilichotupwa kilikuwa kimekaa tu,
kinangoja zamu.

Ni Anaeli aliyenitoa.
Anafanya zamu ya usiku kiwandani, kwenye chupa,
akanipa kimoja kilichodondoka sakafuni:
chupa kabla haijawa chupa,
nene, fupi, ndefu kidogo tu kuliko kidole gumba,
ina kizibo chake, ina shingo ya kiutu uzima,
tumbo halijapulizwa.
Kingetiwa joto na pumzi kingebeba lita nzima.
Sasa hakitoshi chumvi ya siku mbili.
Hakitoshi mafuta. Hakitoshi hata ugoro wa mtu mwenye staha.
Nilitaka kukizungushia mpira wa baiskeli, nikajizuia:
mpira ni kamba, kamba inaibwa.
Nikakipaka tope, nikakisukuma kwenye ufa wa jiwe.

Masika yakapita juu yake yote.

Juni nilirudi. Kizibo kiligoma, kisha kikakubali.
Karatasi ilikuwa imejiviringisha kama sigara, kavu.
Majina matatu ya wageni, tarehe, mchoro wa mlima uliopinda.
Na chini kabisa, kwa penseli,
penseli ninayodhani naifahamu,
herufi za mtoto zilizobonyezwa hadi upande wa pili:

nimekiona. sijakichukua. hakina kazi.

Nilisimama pale na sifa yangu mkononi,
nisijue niikunje au niisome tena.
Kisha nikachomoa penseli mpya mfukoni,
nikajaribu kuiingiza.
Haikutosha.
Nikaivunja katikati, nikamwachia nusu yenye ncha.