Kitambaa Ulimpa Lini

Msimamizi wangu wa kwanza alikuja na kalamu nyekundu.
Alihesabu majalada, akauliza nimeona wangapi,
wangapi wamepona, wangapi hawakurudi,
akapiga muhuri, akaacha soda nusu,
akawahi pantoni ya Kamanga.
Miaka miwili hivyo.
Vitabu vyangu vilikuwa safi kama sahani ya mgeni
nami usiku nasaga meno.

Kisha akaja Nyangeta.
Alhamisi, saa tisa, chumba cha nyuma pale Igogo,
dirisha linatazama mawe yaliyobebana
na mabati ya watu yaliyobebwa na mawe.
Jalada hakulifungua.
Alisema: nisimulie mtu mmoja tu,
yule ambaye hukutaka kumleta leo.

Nikamleta Luhende, si jina lake.
Anakata minofu kiwandani, zamu ya usiku,
mikono baridi hata juani.
Mdogo wake aligongwa na lori Buzuruga,
na pikipiki ni yeye aliyemwazima.
Nilieleza vizuri. Nadharia nilizitaja kwa majina.
Nikasema alilia, nikampa kitambaa,
tukapumua pamoja, akatulia.
Nikangoja sifa.

"Kitambaa ulimpa lini?"

Nilidhani anauliza saa.
"Alipoanza kulia."
"Alipoanza, au alipotaka kuanza?"

Nje mtu alikuwa anaponda kokoto:
nyundo, kimya, nyundo.
"Machozi yale," akasema polepole,
kama anayemtoa mtoto mwiba wa sato kooni,
"nani alikuwa hayataki mle chumbani?"

Mimi.
Mimi niliyemzika dada yangu Mbula
nikapewa kazi ya kupokea wageni,
nikaambiwa jikaze, nikajikaza,
na hadi leo sijui kinyume cha kujikaza ni nini.

Nikafungua mdomo nimwage yote.
Hapo ndipo nilipomjua.
Aliweka kiganja mezani, si begani kwangu, mezani.
"Nimekusikia. Mbula ana haki ya chumba chake
na mtu wake wa kukusikiliza; nitakupa namba.
Meza hii ni ya Luhende, tumtunze sisi wawili."
Hakunifukuza. Hakunigeuza mgonjwa.
Alichora mstari, kisha akaketi upande wangu.

Akaniambia na lake:
zamani, Sengerema, mama mmoja alimwambia nimechoka,
naye akasikia amechoka na kazi.
Mwisho wake hakuusimulia.
Alisema tu, "Tangu siku ile nauliza mara mbili,"
akafuta miwani ambayo haikuwa chafu.

Sisemi hakosei.
Wiki moja nilimbishia kuhusu mtoto wa Nyakato
ambaye alitaka baba yake aitwe.
Nilisema bado, mtoto ataumia. Hakunikatiza.
Alhamisi iliyofuata, kabla ya salamu kuisha:
"Yule mtoto. Nimefikiri. Wewe ndiye uliyeona."
Mkubwa aliyewahi kuniambia hivyo kazini
simkumbuki. Nimejaribu.

Jumatatu Luhende alirudi.
Sanduku la vitambaa lilikaa pale pale,
mkono wangu nikaukalia.
Alilia mpaka pantoni ikapiga honi mara ya pili.
Nilisikia mapafu yangu, nilisikia ya kwake,
nilisikia mle ndani mtu mwingine mdogo
akiomba nimalize haraka. Nikamwambia subiri,
wewe una Jumamosi yako.
Kisha Luhende akanyoosha mkono,
akachukua kitambaa mwenyewe,
akakikunja mara nne bila kukitumia,
akasema: "Alinirudishia mafuta.
Alijaza tangi kabla ya kuondoka. Sijamwambia mtu."

Sikuwa na la kusema, na sikusema.

Alhamisi sikungoja aulize.
"Nina mwingine," nikasema nikiwa bado mlangoni.
"Huyu namwogopa."
Nyangeta akavuta kiti.