Limewaka?

Kipya kinyemi, husema wenye haraka.
Nami nilikuwa na kipya changu: kigari chekundu, chepesi,
kilichonisaliti njia ya Junosuando
saa kumi alfajiri, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
nikiwa na insulini ya mzee Elof kifuani, ndani ya fulana,
isigande kabla yangu.

Ndipo nikaenda kwa Hilding Lantto,
daktari wa meno mstaafu, mgane wa miaka miwili.
Kando ya banda la kuni lilisimama gari jeusi,
Audi ya mwaka wa tisini na tisa,
ndefu kama hotuba ya meya,
aliyoinunua mpya kwa maumivu ya wilaya nzima.

"Nauza elfu arobaini," akasema,
"ila kiti cha dereva hakipashi moto tena."
Thelathini na nane.
"Na dirisha la nyuma, kushoto, ukilishusha halipandi."
Thelathini na sita.
"Giaboksi hugugumia ikiamka. Kama mimi."
Thelathini na nne na nusu.
Sijawahi kuona mtu akipatana bei na nafsi yake
na kushindwa kila raundi.
Nilinyamaza, mikono mfukoni.

Kisha nikapiga magoti thelujini, bisibisi mkononi,
nidunge uvungu, nitafute kutu.
"Usijisumbue, Maj-Lis. Bodi ni alumini.
Chumvi ya barabara imeilamba miaka yote hii,
imechoka yenyewe."

Mlango ulijifunga kwa neno moja, zito,
kama mtu asiyerudia kauli.
Ngozi ya viti, rangi ya siagi, imepasuka penye paja.
Anasa ya wakubwa ikizeeka
hushuka ngazi polepole
hadi ikaufikia mkono wa mlalahoi.
Katika kitabu cha matengenezo mihuri yote ilikuwepo,
na pembeni, kwa kalamu ya risasi, mwandiko wa mkewe:
*Mafuta mapya. Plagi nne.
Tumekutana na kulungu mweupe, akakataa kutupisha.*

Nikalipa. Akaiomba namba yangu ya simu.

Tangu Novemba, kila baridi ilipopita nyuzi ishirini na tano,
simu ililia saa kumi na moja na robo.
Hapana salamu, hapana habari za asubuhi.
"Limewaka?"
"Limewaka."
Anakata.

Asubuhi moja ya Februari, thelathini na sita,
moshi wa mabomba ya nyumba umesimama wima, haujui pa kwenda,
simu haikulia.
Nilichomoa waya wa umeme uliolala na injini usiku kucha.
Nikageuza ufunguo. Kikohozi.
Mara ya pili, mguno.
Ya tatu, likanguruma, mwili wote ukatetemeka, wake na wangu.
Kwa Elof ni kulia.
Nikakata kushoto.

Matairi ya njumu yalitafuna barafu,
na taa zangu zikamkuta uani:
kofia ya manyoya, pajama ndani ya buti, koleo mkononi,
akizifukua ngazi ambazo hakuna anayezipanda.
"Simu imekufa kwa baridi," alisema, kama anayejitetea mahakamani.
Kisha akainamisha sikio kwenye boneti,
jinsi alivyozoea kulisikiliza jino.
"Plagi moja inaanza kulalamika."

Hakukaribishwa. Alifungua mlango wa abiria,
akaketi, akabonyeza kitufe pasipo kukitafuta.
"Hiki bado kinapasha," akasema,
na hakusema tena chochote
mpaka vioo vikaanza kulia matone.

Nilimfikia Elof nimechelewa dakika kumi na tisa.
Kabla ya kushuka nilikitoa kile kitabu,
nikaandika pembeni, chini ya kulungu mweupe,
kwa risasi:
*Limewaka mara ya tatu.
Hilding yupo.*