Ulizia Ndani

Mtambo wa chama ulinitangulia kazini miaka kumi na moja.
Rangi ya majivu, kimo cha friji,
haujawahi kuonyesha picha: kioo cheusi, herufi za kijani,
na feni inayokohoa kila ghala la tumbaku likijaa.

Jumatatu alikuja Lugusha Kapela, toka Usoke,
stakabadhi kaikunja mara nne ndani ya kofia:
marobota kumi na manne, gredi kwa kalamu ya risasi.
Orodha ya malipo ikamkana.
"Labda sikulima," akasema, akacheka peke yake.

Nikafungua faili la WAKULIMA kwa mkono wangu.
Yumo. Mstari wa mia mbili na sita: uzito, bei, kijiji.
Nikarudi kwenye programu. Hayumo.
Yumo, hayumo,
mpaka treni ya Mpanda ikapiga honi
na Mihayo akaanza kufunga madirisha.

Giza lilipoingia nikamkumbuka Bi Nyanzala,
wiki yake ya mwisho kabla ya kustaafu, kidole kikigonga meza:
Programu huita jina tu, mwanangu.
Nani ataitika, hilo huamuliwa njiani.
Mtu anaweza kuipinda njia
asiguse faili, asiguse programu,
na ukiulizia toka nje mtambo utakwambia: hakuna.
Ulizia ndani. Ndani ya kazi yenyewe, ingali inakwenda.
Kazi ikifungwa, pindo hufa nayo, wala hutaona kaburi.

Nikaingia ndani. Nikaandika amri ya kuonyesha.
Kioo kikawaza, kikatoa mstari mmoja:
WAKULIMA, likiombwa, litolewe MAJARIBIO.
Basi. Si jina la aliyepinda, si sababu.
Huenda ni mimi, jioni fulani ya mvua,
nikijaribu jambo dogo,
nikaenda kunywa chai nikasahau.

Nikaufuta mstari. Lugusha akarudi orodhani
kama mtu aliyekuwa kasimama mlangoni muda wote.

Nyumbani, Cheyo, mama akaita: "Tatu! Maji."

Tatu tulimzika mwaka ule wa mafuriko.
Mimi ni Nyamizi.
Daktari aliulizia toka nje: taa machoni,
leo siku gani, hesabu kurudi nyuma toka ishirini.
Mama alijibu yote. Daktari akaandika: hakuna.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.
Nikauliza, Tatu hulala upande gani?
"Wa dirisha. Si unajua."
Hupenda nini?
"Asali ya nyuki wadogo. Ile ya chachu kidogo.
Mwenzio hapendi, yule Nyamizi. Yeye hupenda mahesabu."
Akanywa maji, akanirudishia kikombe,
akanitazama vizuri sana, usoni kabisa.

Amri ya kufuta ina herufi sita.
Nikavaa viatu, nikaenda Isevya
kutafuta asali.