Kilo Mbili na Nusu

Duka la Anzori halina mlango, lina pazia la plastiki,
na upepo wa Rustavi, usiojua hodi,
umeingia kabla yangu ukakalia kiti cha wateja.
Nimekuja na lari mia nne ndani ya soksi
na bega la kulia ambalo halijawahi kunidanganya.

Ameziweka tatu mezani, kama wachumba waliokuja siku moja.

Ya kwanza ni ya betri. Nyepesi, ina taa puani,
kichwa chake huzunguka huku kikiyumba.
"Hii haichomi rangi," anasema, "hata mtoto ataiweza."
Anasema tena. Anaposema mara ya tatu
nakumbuka kwamba chema chajiuza.
(Si mbaya. Ila mimi si mtoto.)

Ya pili ingali na harufu ya boksi.
Nabonyeza swichi, inaruka
kama jogoo aliyekamatwa mguu mmoja.
Isiyojua kuanza polepole
itakurushia krimu hadi darini, hadi kwenye nyusi.
Nairudisha ilipotoka.

Ya tatu imetumika.
Mpini umelika kwa kiganja cha mtu mwingine,
waya umefungwa tepu ya bluu, mahali pawili.
Kilo mbili na nusu. Nainyoosha mbele yangu
nikihesabu pumzi: kumi, ishirini.
Mkono unatetemeka kwenye ishirini na sita.
Nabonyeza. Inaamka kwa kunong'ona,
mizunguko mia sita, kisha elfu,
kisha namwambia Anzori anyamaze
nisikie beringi.

"Ya nani?"
"Ya Gocha. Ameenda Poland, anaendesha lori."

Nilimwona Gocha akifanya kazi, msimu mmoja,
safu ya nyuma, kwenye magari yanayoshushwa yakiwa yamepondeka
na kuuzwa kama ndiyo kwanza yazaliwe.
Hakuegemea. Aliiacha mashine ijibebe,
yeye akaiongoza tu, kama mtu anayemvusha kipofu.

Mimi nilijifunzia boneti ya Badri, kaka yangu.
Sekunde mbili kwenye ukingo, nikageuka kujibu simu.
Harufu ilitangulia.
Kisha weupe wa praima, mviringo, wa kadiri ya sarafu.
Vanishi ni nyembamba kuliko unywele
na hairudi kwa kuombwa radhi.
Badri hakusema neno. Alibandika stika ya samaki pale pale,
akaliuza gari Jumapili.
Mnunuzi alisema ameipenda stika.

Tangu hapo sokoni naitwa Sarafu.
Miaka tisa.

Anzori anajua. Ndiyo maana anaisukuma ile ya betri
kwa kidole kimoja, karibu na mkono wangu, kwa huruma.
Ile inayoyumba husamehe: ukisinzia, inakungoja.
Hii haingoji mtu. Ukiipa ukingo, inakula ukingo.
Ukiinamisha nywele moja zaidi, jua la kesho
litaonyesha mawimbi yako yote mlangoni,
na kila mpita njia atasoma ulikuwa unawaza nini.
Lakini ukiwa pale, pale hasa,
mkwaruzo wa miaka unaondoka kwa safari mbili,
na weusi wa rangi unarudi chini ya sufi ya kondoo
mpaka unaona meno yako.

"Mia tatu na themanini."
"Mia tatu."
"Tepu pekee ina thamani ya ishirini."
Tunacheka. Tunakutana mia tatu na arobaini.
Hamsini nanunua pedi ya sufi,
kumi ni za basi na mkate.

Naipakata njia nzima, nimeifunga kwa skafu yangu,
kichwa nje. Mzee wa kiti cha pili
anauliza ni mnyama gani.

Gereji ya Badri iko giza, funguo zi chini ya tairi.
Kuna mlango wa Opel ukutani, wa chakavu, hauna mwenyewe.
Nafunika kingo zote kwa tepu, taratibu, hata zisizohitaji.
Nazima simu.
Kisha nachomeka waya.