Boma Lisilo na Ng'ombe

Asubuhi, kabla jua halijagusa mabati ya Panzi,
ndipo linapoonekana:
tuta la udongo, mviringo usiofunga vizuri,
na mfereji umelala ubavuni mwake
kama mtu aliyegeukia ukuta.
Saa nne halipo tena. Saa nne ni majani tu,
na mbuzi wa Nankafu aliyekata kamba.

Bwana mmoja wa serikali alikuja na futi ya chuma.
Alipima, akaandika, akapigilia kibao:
URITHI. MARUFUKU KUCHIMBA.
Kutu imeshakula herufi mbili.

Mimi ni mfyatua matofali. Nasema bila haya:
Bukavu nzima hakuna udongo kama ule.
Niliuonja kwa ulimi, ndivyo tunavyojua sisi.
Mzito, hauna changarawe,
samadi ya ng'ombe wasio na jina imeulainisha.
Nyanya yangu alisema waliouchimba walilima ulezi,
usiku wakiogopa chui,
mchana wakidaiwa mahari.
Zaidi ya hapo hakujua, wala hakubuni.

Kaka yangu Zihindula amekiuza kilima kilichobaki,
meta kumi na tano kwa ishirini,
kipande baada ya kipande, risiti ya mkono.
"Wale walikuwa wajinga," husema,
"sehemu tambarare yote ile, kwa ng'ombe!"

Kisha mvua ya Novemba.
Nyumba tatu za saruji ziliteremka bondeni
na vitasa vyake, na televisheni yake.
Tulihesabu watoto kwa taa za simu,
tukarudia kuhesabu.
Maji yalipofika bomani yakaingia mferejini,
yakazunguka, yakazunguka,
yakatokea upande wa migomba yamepoa hasira.
Nyumba yangu iko chini ya migomba hiyo.

Nililiona hilo kwa macho yangu
kwa sababu nilikuwa juu ya tuta, saa nane ya usiku,
na koleo, na kiloba.
Sikwenda kuokoa mtu. Nilikwenda kuiba.

Kiloba kilikuwa kimefika nusu.
Nikakimwaga palepale nilipochota,
nikashindilia kwa kisigino,
mvua ikinipiga mgongoni kama mwenye mali.

Yule bwana akirudi na futi yake
atakuta unyayo, mguu wa kushoto, vidole vitano wazi.
Sijui atauandikaje.
Labda: karne haijulikani.