Hazizai

Baba amekuja kutoka Handali na furushi la mlenda mkavu.
Amekaa ukingoni mwa kochi langu la Nzuguni
kama mtu aliyekaribishwa kwenye kitanda cha mgonjwa,
na leo nimemfungulia droo ambayo hata mke wangu
anadhani ina hati za kiwanja.

"Kumi na moja," nikasema.
Akakunja uso. Mali haitajwi idadi kwa sauti.

Basi nikazitoa kimya, moja moja, juu ya taulo:
ya rubani, uso mweusi, niliyoipata Kongwa
kwa mjane ambaye mumewe aliachiwa na mpima ardhi
mwaka ule karanga zilipogoma na matrekta yakafa porini;
nyembamba kama sarafu, ya muuza vitambaa wa Barabara ya Saba,
aliyeniuzia huku akitazama pembeni;
na hii yenye kidirisha ambamo mwezi huchomoza na kuzama.
Miezi kumi na minne nililipa,
nyumbani nikisema bati zimepanda bei.

"Hii ya nani?"
Yangu.
"Na hii?"
Yangu, baba.
"Mikono unayo mingapi?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, kama mwenye kesi:
kwamba hakuna betri, ni springi tu iliyojikunja kama nyoka penye baridi,
vito kumi na saba vidogo kuliko punje za uwele,
na gurudumu liitwalo mizani, linalopwita
mara elfu kumi na nane kila saa;
kwamba yuko mtu mmoja tu Majengo, Fundi Chitema,
awezaye kulifungua, naye hufunga madirisha kwanza,
na Agosti nzima hagusi kitu, kwa vumbi hili letu.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha:
"Zinazaa?"
Hazizai.
"Zinakamuliwa?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Kijana wako akiposa, utazipeleka?"
Nikanyamaza, maana ile ya mwezi peke yake
ni ng'ombe ishirini na sita,
na mwaka ule wa ukame yeye alibakiwa na wanne.

Nilikuwa na miaka tisa. Jioni alisimama mlangoni pa zizi,
hakuhesabu, alitazama tu nyuso zikipita,
halafu akasema, yule mwenye baka shavuni hajarudi,
akachukua fimbo, akaingia gizani.
Sijawahi kumwambia kwamba nami, umeme ukikatika,
huvuta droo nikasikiliza.
Ya rubani ina kikohozi. Ile nyembamba hunong'ona.
Najua ipi imenyamaza kabla sijawasha tochi.

Akaigusa ya mwisho, ya chuma, jina limefutika usoni.
"Imekufa?"
Imesimama. Hiyo haitiwi ufunguo, hula mwendo wa mkono,
na mimi kutwa nzima niko Mtumba, mezani,
mkono umelala juu ya mafaili.

Akaiweka sikioni, macho kafumba,
vilevile alivyokuwa akilaza sikio ubavuni mwa ng'ombe mwenye mimba.
Akaitikisa kidogo. Akangoja. Akaitikisa tena.
"Huyu si mgonjwa," akasema.
Si hii. Huyu.
"Huyu ana njaa. Nipe nikamchunge."

Wiki mbili baadaye alipiga simu, upepo umejaa kwenye laini,
kengele za shingoni zinalia nyuma yake.
Hakuniambia ni saa ngapi huko. Sikumuuliza.
"Anakula," alisema, na simu ikakatika.