Zamu ya Usiku

Miaka thelathini na moja nilikanyaga cherehani
katika kiwanda cha mashati, hapa Łódź.
Kiwanda kilifungwa. Pale tulipopiga vifungo
sasa vijana wanakunywa kahawa ya povu.
Miguu haikupewa taarifa.

Saa tano usiku, nikiweka tu ubavu kitandani,
zamu inaanza.
Yanachoma? aliniuliza Daktari Kurek. Yanakata?
Si maumivu, nikamwambia. Ni soda ndani ya mfupa,
ni sisimizi waliokosa mlango.
Nikisimama wanatulia, nikilala wanarudi.
Basi natembea: jikoni, dirishani, jikoni,
na Wacław wa ghorofa ya chini anagonga dari kwa ufagio
kama anayeuliza:
Bogumiła, unashona nini saa hizi?

Zenon alipokufa, mwezi wa Novemba,
sikulia. Nilinyauka.
Nikapewa kidonge cha kuinua moyo na kuleta usingizi,
viwili kwa bei ya kimoja, kama sabuni ya ofa.
Moyo ukainuka kidogo, sitasema uongo.
Lakini miguu!
Niliruka majivu, nikakanyaga moto.

Binti yangu Kinga akaniletea cha buluu,
kile cha dukani kisichoulizwa cheti.
"Kinalaza hata farasi, mama."
Farasi, labda.
Mimi kilinilaza kuanzia kiunoni kwenda juu:
kichwa gunia lililolowa,
na chini yake miguu inakanyaga, inakanyaga.

Usiku wa deni haukawii kucha, wanasema.
Basi mimi sidaiwi na mtu.

Nikachukua daftari langu la vipimo,
mabega, kola, urefu wa mkono,
na kurasa za nyuma nikaandika vidonge kwa tarehe.
Daktari akasoma, akavua miwani.
"Hivi viwili," akasema, "kwa wengine huchochea miguu.
Nilipaswa kukuuliza."
Akapima damu. Akiba ya chuma: karibu hakuna.
Nilicheka hadi muuguzi akachungulia.
Miaka yote ile pini midomoni, sindano vidoleni,
na mwilini hamna chuma!

Sasa ipo dawa nyingine ya moyo,
ya asubuhi, haibembelezi mtu.
Huenda isiguse miguu. Huenda. Alisema huenda mara tatu,
nikazipenda zote tatu.
Ile ya zamani tutaipunguza polepole,
kama kufumua mshono bila kuchana kitambaa.
Ninachoogopa sikumwambia:
kwamba kidonge hicho ndicho kilichonishika mkono Novemba,
na nikikiachia
Zenon atakufa tena, safari hii nikiwa macho.

Wiki ya sita. Chuma nakimeza na maji ya chungwa.
Jana nililala saa nne mfululizo,
nikaamka nimekasirika, kama mtu aliyenyang'anywa sahani.
Saa tisa miguu ikaniita kazini.
Nikafunua cherehani ya nyumbani,
nikatoa shati lake la kijivu, kola imechakaa,
nikaifumua, nikaigeuza, nikaanza kuishona.
Nililia kidogo. Kanyagio likaenda.

Wacław akagonga dari.
Nikamgongea kwa kisigino, mara mbili:
naam, nipo.